Mulamu wa Mlango wa Jirani

Simu ya dada ilinikuta nikimvalisha soksi bibi mmoja wa Kibelgiji ambaye kila asubuhi huniuliza kama kwetu kuna theluji. Kazi yangu ni kutunza wazee, na kazini kwetu simu ni mwiko, lakini dada yangu hanipigii mchana ila kuna msiba, kwa hiyo nikapokea. Alikuwa ananong'ona. Akasema wametuma mulamu mwingine. Kagonga mlango, kajitaja mwenyewe bila haya kwamba yeye ni mulamu, naye dada, bila hata kuchungulia, kapiga komeo na sasa amejificha chooni.

Mulamu ni shemeji, kwa msomaji asiyetoka kwetu. Ndugu zangu hunicheka kwamba nazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari kwa sababu nilisomea Kigoma tulipokuwa wakimbizi, lakini kwa neno hili mimi ni Mkongo wa Uvira kamili. Shemeji ni wa kutaniana naye. Mulamu naye ni wa kutaniana naye, mpaka siku mumeo anapokufa. Hapo utani unakwisha na vikao vinaanza. Dada yangu alikuwa mjane wa mwaka mmoja na ushee, na mulamu mmoja aliyekuwa naye alikuwa anamtosha na kumzidi.

Huyo wa kwanza ni mdogo wa marehemu. Amepanga chumba Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, juu ya saluni ya kusuka, na anavaa suti ambazo lebo ya mkononi haijabanduliwa, tusije tukadhani zimeshonwa na fundi wa mtaani. Aliletwa Brussels akiwa mtoto wa kubebwa. Lugha ya babu yake haijui, kaburi la babu yake hajaliona, na ukimpa sombe, kisamvu chetu, anachokoa kwa uma kama anayetafuta mdudu. Lakini matanga yalipoisha tu aligeuka profesa wa mila. C'est la coutume, ndiyo mila, alituambia, mdogo anaendeleza nyumba ya mkubwa. Nyumba yenyewe ni fleti ya dada pale Laeken, yenye balkoni inayotazama miti, ambayo yeye na mumewe waliipata kwa jasho la wote wawili. Siku aliyokuja kutufafanulia mila nilimwona akipima ukuta wa sebuleni kwa viganja. Nilipomuuliza, akasema anawaza tu kabati la viatu lingekaa wapi.

Mtasema, si dada angekataa tu, sheria ya Ubelgiji iko upande wake. Ni kweli. Ila sheria ya Ubelgiji haiji kwenye matanga, haikuletei uji ukiugua, na siku ukifa haikusindikizi kwenu. Ukoo ndio unaofanya hayo, na ukoo unataka jibu lako mbele ya watu, kwa kinywa chako. Hapo ndipo dada yangu alipokwama. Huyu ni mwanamke ambaye Uvira alikuwa akiongoza akina mama kuimba harusini, akiwasuta watu wa upande wa bwana harusi mpaka mashangazi wanaomba maji ya kunywa. Tangu alipomzika mumewe, akikaa mbele ya ukoo ule anashindwa kujibu hata dogo. Walipomuuliza jiwe la kaburi liwe jeusi au la kijivu, midomo ilicheza, sauti haikutoka, na mzee wa ukoo akatangaza jeusi. Mzee huyo ana kanuni anayoipenda kuliko Amri Kumi: aliyenyamaza amekubali. Na kikao cha kumuuliza dada kama anampokea mdogo wa marehemu kilishapangwa, Jumapili baada ya ibada, hapo hapo kwake. Akinyamaza, ameolewa.

Mimi nilikuwa nimehamia kwake tangu matanga, nikakiacha chumba changu cha Anderlecht kipate vumbi, ili awe na mtu wa kumsemea. Na nilimsemea kwelikweli. Kwenye ofisi za komini, ile manispaa yao, nilimsemea, kwa daktari nilimsemea, wakipiga simu wauza umeme nilimsemea mpaka wakakata wenyewe. Kwenye kikao cha ukoo tu ndipo sikuruhusiwa, kwa sababu mimi ni mdogo na, walivyosema, kinywa changu kina pilipili.

Basi nikamwachia mwenzangu yule bibi na soksi yake moja, nikapanda tramu nikichemka. Nilielewa mchezo wote. Wameona yule wa suti hatoshi, wanaleta wa pili aje apeleleze kabla ya Jumapili. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nikiri kwamba yalikuwa mazuri, abiria mmoja alihama kiti.

Ghorofa yetu ina milango miwili. Mmoja ni wetu, na mwingine ni wa mzee mmoja mfupi tuliyekuwa tukipishana naye kwenye lifti bila kujua ni wa wapi. Dada alikuwa akimwita Muchina. Tulimjua zaidi kwa samaki wake, ambaye anamvundika kwenye mtungi mpaka awe mchuzi, na harufu yake ilikuwa inakutana koridoni na ya ndagala zetu, dagaa wa ziwani. Mkazi wa ghorofa ya chini alikuwa akibandika matangazo ya malalamiko kwenye lifti. Sisi tuliamini yanamhusu yule mzee, na baadaye tukajua kwamba yeye naye aliamini yanatuhusu sisi.

Siku hiyo mlango wake ulikuwa wazi na yeye amesimama kizingitini, kavaa singlendi na kandambili, anatabasamu. Nikatazama ngazi, nikatazama lifti. Mwingine hakuwepo. Aliyejiita mulamu alikuwa ndiye huyu.

Alikutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa. "Moi, mo lam," akasema, yaani mimi, mulamu.

"Mulamu wa nani?"

"Mo lam," akarudia, kwa furaha ya mtu aliyeeleweka hatimaye.

Nikamuuliza ni wa upande gani, wa baba wa marehemu au wa mama. Akaonyesha ukuta wa jiko letu, kisha sikio lake, kisha mdomo. Nikamuuliza nani kamtuma. Akaniashiria nisubiri, akaingia ndani, akatoka na fungu la mianzi refu kuliko mkono wangu. Mimi nikainua mwavuli, maana nilikuwa tayari kufa nikimtetea dada yangu, au angalau kuumia kidogo. Akaweka mianzi mdomoni akapuliza.

Sauti ilikuwa kama kinanda cha kanisa kilichopata mafua kisha kikapona ghafla. Ilijaa koridoni, ikashuka ngazi, na haikuwa na pa kukatika. Mlango wetu ukafunguka, dada akachungulia na taulo kichwani. Nikashusha mwavuli kwa sababu nilikuwa sina tena la kuufanyia.

Mambo yalieleweka kwenye chai, kwa Kifaransa chake kilichovunjika na cha dada kilichovunjika zaidi, mimi nikiunganisha vipande. Alikuwa mtu wa Laos. Kwao "mo" ni fundi, neno hilo hilo wanampa daktari, na "lam" ni kuimba mashairi. Yeye ni mo lam, fundi wa kuimba. Mwanamume na mwanamke wanasimama mbele ya watu. Mwanamume anajisifu, anatongoza, anachokoza. Mwanamke anamjibu na kumvua nguo kwa maneno. Na ile mianzi, wanayoiita khene, inapulizwa pembeni. Ndani ya kila mwanzi kuna ulimi wa chuma mdogo kuliko ukucha, unaolia mtu akipuliza na ukalia akivuta pumzi, ndiyo maana hainyamazi. Anayeishiwa maneno kwanza, kijiji kinamcheka mpaka mavuno.

Aliyekuwa akimjibu ni mkewe. Walikuja huku ujanani wakikimbia vita, yeye akafanya kazi jikoni mwa hoteli moja ambako walimwita Mchina mpaka anastaafu, na Jumapili waliimba kwenye harusi za watu wao. Mkewe alikufa. Mpuliza khene alikuwa kaka wa mkewe, na sasa yuko Ufaransa, mapafu yamechoka, akamwachia mianzi yake. Kwa hiyo hata yeye alikuwa na mulamu, ila wa kwake alikuwa na faida. Tangu hapo anapuliza peke yake, anaimba peke yake, na hakuna wa kumkatalia. Halafu akamsikia dada yangu. Dada alikuwa akiimba jikoni akikaanga ndagala, zile nyimbo za kusuta za Uvira, na feni ya jikoni akiiwasha ili mtu asisikie. Feni inatoa moshi tu. Ukuta wote wa yule mzee ulikuwa unaimba.

Mimi nilicheka mpaka nikalala kwenye kochi. Mulamu. Dada kajifungia chooni, mimi nimepoteza nusu siku ya kazi na nimemwinulia mzee wa watu mwavuli, kumbe mtu anatafuta wa kuimba naye. Dada hakucheka. Aliniambia nimuulize jambo: mwanamke anapokuwa bado anatafuta jibu, ule muda wa kunyamaza, si anahesabiwa ameshindwa? Nikatafsiri. Mzee alishangaa swali lenyewe. Akasema hapana, ule si muda wa kunyamaza, ule ni muda wa khene. Anayefikiri anapuliziwa.

Wakaanza. Mchana, mimi nikirudi zamu ya asubuhi, maana dada hakutaka waseme anamwingiza mwanamume ndani peke yake. Mzee alianza kila mara kwa kuguna kurefu, "o la nooo", ambako alisema hakuna maana, ni kuyaita majaliwa tu huku akivuta pumzi. Dada akasema kuna maana sana, ni ole wangu hiyo. Mzee akiimba anaiweka khene mapajani, kwa kuwa kinywa ni kimoja; zamu ya dada ikifika anaichukua na kumpulizia. Yeye kwa lugha yake, dada kwa Kiswahili cha Uvira, na hakuna aliyemwelewa mwenzake hata neno, jambo ambalo halikuwazuia, kwani ndoa nyingi ninazozijua Matonge zinaendeshwa hivyo hivyo. Siku moja mzee aliimba kwa utamu mpaka akafumba macho. Dada akamjibu kwamba kandambili zake zimezeeka kuliko yeye na kwamba mfuko wa taka hautolewi siku ya taka za karatasi. Mzee akapiga makofi. Nilipomuuliza yeye aliimba nini, akasema alisifu nyusi za dada.

Sikuwa nimeisikia sauti ya dada ikitoka kifuani namna ile tangu tukiwa wasichana. Ilinifurahisha na kuniuma, sijui kwa nini kuniuma. Lakini nilijua vilevile kwamba sebule yenye mzee mmoja anayepiga makofi si kikao cha ukoo, na Jumapili ilikuwa inakuja.

Kosa lililofuata lilianzia saluni. Nilikwenda kusukwa Matonge, na mtu akisukwa atafanya nini zaidi ya kuongea? Nikawaambia kwa utani kwamba siku hizi tuna mulamu mpya, yuko mlango wa jirani, mfupi, mweupe, macho membamba, anakuja kwa dada kila mchana. Wakacheka. Kichwa changu hakijaisha kusukwa, habari ilikuwa imeshafika kwa mzee wa ukoo.

Mzee huyu ni baba mkubwa wa marehemu na msemaji wao. Ukoo wote ameuweka kichwani, na anajivunia kwamba hakuna mulamu duniani asiyemjua anatoka tumbo gani. Mtu mwingine angeuliza huyo ni nani. Yeye kuuliza ingekuwa kukiri kwamba hajui, basi akakaa, akafikiri, akamgundua. Alikumbuka kwamba babu wa marehemu alifanya kazi kwenye meli za ziwa. Kutoka ziwani alivuka Kigoma, kutoka Kigoma alipotea miaka kadhaa, inasemekana alifika Zanzibar. Na Zanzibar, alieleza kwa simu kwa ndugu wote, tangu zamani meli za Asia zinatia nanga. Babu aliacha mbegu. Mbegu imerudi. Na kwa kuwa babu alipotea kabla ya kumwoa bibi yao, huyo mtu wa Laeken ni mjukuu wa nyumba ya kwanza. Kwa mila, yeye ndiye mulamu mkubwa.

Yule wa suti alikaribia kuugua. Alikuwa amekwisha kuchagua rangi ya kabati. Mimi nilimpigia mzee wa ukoo nimweleze kwamba ni jirani, ni mtu wa Laos, ni neno tu. Alinisikiliza kwa huruma.

"Maman, weye ulisomea Kigoma," akasema. "Mambo ya ukoo hauyajue."

Akaagiza kwamba mulamu mkubwa aalikwe kikaoni kwa heshima zote, ili atamke kama anamwachia mdogo wake nafasi. Nikaenda kumwalika. Nilimweleza kadiri nilivyoweza kwamba Jumapili mwanamume atamuuliza dada jambo kubwa mbele ya watu, na dada atatakiwa kumjibu. Mzee wangu wa Laos akauliza swali moja tu: je, mpuliza khene wamempata? Nikasema hakuna. Akasikitika, akaenda kupiga pasi shati.

Jumapili walikuja na nguo za kanisani. Kulikuwa na sombe, ndagala, wali, Fanta na bia, kwa kuwa ni lazima mjane awalishe vizuri watu wanaokuja kumgawa. Yule wa suti alikaa kiti cha marehemu bila kukaribishwa. Lebo ilikuwa inang'aa. Jirani aliingia wa mwisho, shati jeupe, kitambaa chenye miraba kimepita begani mpaka kiunoni, khene mkononi na kikapu kidogo cha wali wa kunata. Alikutanisha viganja akainama kwa kila mtu. Mzee wa ukoo alisimama, akamtazama paji la uso kwa muda mrefu, akawageukia ndugu zake akawaambia hata kusalimia huko ni kusalimia kwa babu. Baadhi walifuta machozi. Wallahi niliondoka kwenda jikoni nikang'ata taulo.

Niliporudi utani ulikuwa umekwisha. Jirani alikuwa ameshaulizwa kama anamwachia mdogo wake nafasi, kainama tu, na mzee wa ukoo kahesabu ameachia. Mzee alikuwa anaongea kuhusu marehemu, na kuhusu nyumba isiyo na mwanamume, ambayo alisema ni mlango usio na kitasa. Halafu akamgeukia dada.

"Mwanamuke, ndugu ya bwana yako ule pale. Unamukubali ao haumukubali?"

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo cha jikoni, mikono mapajani. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilimjua, nilijua kilikuwa kinatokea nini, kama siku ya jiwe la kaburi. Nikainuka, na mzee akaniinulia kidole kabla sijasema, nikakaa. Watu wakatazama chini. Yule wa suti akavuta mikono ya koti ikae vizuri. Mzee akasubiri kwa adabu kisha akajikohoza.

"Bon. Kama tunavyojua, mwenye ananyamaza—"

Khene ikalia.

Jirani yetu hakuwa ameelewa hata neno moja la hotuba ile. Lakini aliona mwanamume amesema, na mwanamke anatafuta jibu, na kimya katikati. Katika ufundi wake hicho kimya kina mwenyewe. Alifumba macho akapuliza, akavuta, akapuliza. Mzee akasubiri amalize ili atangaze. Haikukatika. Akamwinulia mkono, jirani akamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayeshukuru kutiwa moyo, akaongeza. Kumnyamazisha kwa ukali haikuwezekana, kwa kuwa mzee mwenyewe alimtangaza kuwa wa nyumba ya kwanza. Na huwezi kusema mwanamke amenyamaza wakati chumba kizima kinalia. Mzee akakaa, akashika bia yake, akasubiri.

Kisha dada akaguna. Kuguna kurefu, kunakotoka tumboni. Hakusimama, hakutazama mtu. Aliimba akitazama mikono yake.

Mulamu, kiti ya kaka yako ni ile, uikalie.
Sahani yake ni ile, ukule, ushibe.
Koti yake iko mu kabati, kama inakutosha, uvae.
Lakini miye si kiti, miye si sahani, miye si koti.
Kaka yako aliniomba mu kinywa yake,
nikamujibu mu kinywa yangu.
Weye hauniombe, unaomba wazee.
Uwaoe wazee.

Shangazi mmoja wa upande wao, mwanamke mnene aliyekuwa hajasema lolote tangu afike, alitoa mlio puani, akajifanya anakohoa. Dada akainua macho, sasa akimtazama yule wa suti usoni.

Kama unanitaka, simama, uniombe mbele ya watu.
Nasikia. Niko hapa. Nyumba ni yangu na masikio ni yangu.
Uniombe, nikukatalie vizuri.

Akanyamaza, na kile hakikuwa kimya cha mtu aliyekwama. Jirani, bila kuacha kupuliza, akajigeuza kwenye kiti chake mpaka ncha za mianzi zikamwelekea yule wa suti. Ilikuwa heshima tu ya kazi, zamu ni ya mwanamume. Watu wote wakageuka na mianzi. Yule bwana alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema donc, akasema enfin, akamtazama mzee wa ukoo. Mzee alikuwa anatazama bia. Akasema alors, ambayo nayo, kama zile mbili, ni basi tu ya Kifaransa. Khene ikampulizia kwa subira, ikampa muda wote anaoutaka, mpaka nikaanza kumwonea huruma, kidogo sana. Akafungua kifungo, akakaa.

Jirani akashusha khene. Sasa ndipo kulikuwa na kimya, na mzee wa ukoo akajikuta ndani yake na kanuni yake mkononi. Nampa haki yake: alikuwa na majivuno, lakini hakuwa mwizi. Alitazama huku, akatazama kule, akafuta midomo.

"Kijana amenyamaza," akasema. "Amekubali ile jibu."

Yule shangazi akapiga vigelegele, halafu akaomba samahani, halafu akapiga tena. Wakala, wakanywa, wakaondoka. Mlangoni mzee alimshika jirani yetu mikono yote miwili akamwambia asikose kuja kwenye harusi za ukoo, na akamuuliza mama yake alikuwa anaitwa nani, kwa ajili ya kukamilisha orodha ya ukoo. Jirani akajibu kitu kwa lugha yake. Mzee akatikisa kichwa, akasema ndiyo, ndivyo alivyofikiri.

Tulibaki watatu na vyombo. Jirani akataka kujua dada ameimba nini. Alinigeukia mimi, kama kawaida, nami nikaweka sahani chini na kujiandaa, maana nilikuwa nimeshapanga tafsiri nzuri, yenye kupunguza hapa na kuongeza pale. Dada akanigusa mkono.

"Wacha. Nitamwambia miye."

Akamwambia. Kifaransa chake kilikuwa cha kuhurumiwa, alitafuta neno moja mpaka nikataka kulia, nami nilikuwa nalo mdomoni, nalitafuna. Hakulitaka kutoka kwangu. Alilipata mwenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema mkewe alimkataa maisha yao yote kwenye kila harusi, na kila walipomaliza walirudi nyumbani pamoja kwa basi. 

Dada aliendelea kukausha glasi. Bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida, akaniuliza, "Mudogo wangu, ile chumba yako ya Anderlecht, uko nayo bado?"

Nikasema ninayo, lakini nani atamsemea kwenye ofisi za komini, na kwa daktari, na wale wa umeme. Niliongea sana. Nilimkumbusha kwamba nilikuja kwa ajili yake, kwamba nililala kwenye kochi lenye chuma mgongoni, kwamba bila mimi yule wa suti angehamia na kabati lake siku ya arobaini. Aliniacha nimalize yote. Akasema anashukuru, na kesho hana kazi, atanisaidia kufunga.

Nilikasirika. Hata leo nikikumbuka napandwa na moto kidogo. Nikaenda chumbani kutoa sanduku juu ya kabati, nikitupa nguo kwa kelele ili wanisikie, nao hawakunisikia, kwa sababu huko sebuleni mianzi ilikuwa imeanza na dada anaguna. Nikasimama na blauzi mkononi, nikasogea mlangoni nisikilize kama ananiimba mimi. Alikuwa ananiimba mimi, na aliniweza.